Nina laki nne mkononi, nianze na nini?

Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi sana na karibu zote zinazunguka hapo hapo, mtaji, mkopo, biashara gani inalipa. Majina ya waliouliza tumeyatoa. Bei ninazotumia kwenye hesabu ni za mfano, wewe weka za mtaani kwako, maana bei ya Mbagala sio ya Njombe.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 23 niko Mbagala, nilimaliza form four, nimefanya kazi kwenye banda la chips la anko wangu miaka miwili sasa nataka kusimama mwenyewe. Nina laki nne niliyojichanga. Nimepata fremu ya elfu 70 kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yani laki nne na ishirini. Kuna rafiki yangu ananiambia niachane na chips nikalime matikiti, ana hesabu zake anasema eka moja inatoa milioni kadhaa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, laki nne ya kujichanga kutoka kwenye posho ya banda la chips najua imekutoa jasho, na ndio maana sitaki uimalize kwa siku moja.

Hiyo fremu achana nayo kwa sasa. Ukimpa mwenye nyumba hela yote (na hapo bado unadaiwa elfu 20) utabaki na ufunguo mkononi na chumba kitupu, huna karai, huna viazi, huna mafuta, afu utaanza kukopa siku ya kwanza kabla hujauza sahani hata moja. Mteja wa chips hafuati fremu, anafuata harufu na njia anayopita akitoka kazini. Tafuta barza ya mtu, au pembeni ya duka ambalo linafungwa jioni, ongea na mwenyewe umlipe kwa siku au kwa wiki, afu nenda serikali ya mtaa ujitambulishe mapema wakujue, usisubiri waje mgambo ndio uanze kueleza wewe ni nani.

Hela yako igawe hivi. Isizidi laki mbili kwenye vifaa, na vifaa tafuta vya mtu aliyefunga, kabati la kioo lililotumika, karai, jiko, chujio, meza, viko vingi tu watu wanauza. Laki moja na ishirini hivi iwe mzigo wa siku tatu nne, viazi, mafuta, mayai, mkaa, nyanya na pilipili. Mafuta usikimbilie dumu la lita 20, anza na lita tano uone unavyotumia. Elfu 80 inayobaki usiiguse, hiyo ni ya siku ambayo mvua imepiga kuanzia saa kumi mpaka saa nne usiku na viazi ulishamenya.

Kitu ambacho wengi waliofanya kazi kwa mtu hawana ni hesabu, maana kupika unajua lakini anko ndio alikuwa anajua gunia limetoa sahani ngapi. Sasa ujue wewe. Wiki ya kwanza pima, nunua viazi kiasi fulani, hesabu sahani zimetoka ngapi, andika. Utagundua viazi vichanga vile vyenye maji vinakunywa mafuta na vinasinyaa, yani bei yake inaonekana rahisi kumbe sahani ni chache. Andika kwenye daftari kila jioni, umeuza bei gani, umenunua bei gani, umebaki na nini. Na wewe mwenyewe jilipe, tuseme elfu tano kwa siku, hiyo ndio ya kula na nauli na vocha. Ukianza kuchomoa kwenye droo kila ukiona njaa, mwezi ukiisha hutajua kama biashara ina faida au unakula mtaji.

Washkaji pia. Watakuja kula kwa mkopo, na kukataa ni ngumu kwasababu mmekua wote. Sema tangu siku ya kwanza kwamba hukopeshi, maana siku ya kwanza watakuelewa ila ukianza kukopesha afu ukatishe mwezi wa pili utaonekana umebadilika.

Kuhusu matikiti, sio kwamba kilimo hakilipi, kinalipa na kuna watu kimewajengea nyumba. Ila hizo hesabu za eka moja zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinachukua idadi ya mashimo, zinazidisha na idadi ya matunda, zinazidisha na bei ya juu kabisa ya sokoni, basi. Humo hakuna maji yaliyokauka, hakuna wadudu, hakuna wiki ambayo kila mtu kavuna na dalali anakwambia bei yake chukua au acha. Waulize waliolima nyanya kule Ilula mkoani Iringa wakwambie kantangaze alivyowafanya, mdudu mdogo tu, shamba linaonekana la kijani leo, wiki mbili mbele unang'oa. Wewe chips unaijua, miaka miwili umesomea hapo. Anza na unachokijua.

SWALI: Dada naomba unisaidie haraka, nilikopa kwenye app ya simu laki moja na nusu nianzishe genge hapa Tegeta, wakaniingizia laki na kumi tu, baada ya siku saba wanataka laki na sitini. Nimechelewa siku tatu wameanza kutuma meseji kwa mama yangu na kwa watu wote kwenye simu kwamba mimi tapeli. Nikope kwingine nilipe?

JIBU: Usikope kwingine kulipa huko, hapo ndio mtu anaanza na deni moja anamaliza na matano. Wapigie au waandikie useme utalipa kiasi gani na lini, na uhifadhi kila meseji waliyotuma, picha za skrini zote. Alafu angalia kama hao watu wana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya app na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni ambayo yalikuwa yanafanya kazi bila leseni, kwaiyo tatizo lako sio lako peke yako na lalamiko lako lina pa kwenda. Na hilo la kuchukua namba za ndugu zako na kuwatumia meseji za kukudhalilisha, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ipo Tume yake, peleka huko na polisi pia kama kuna vitisho.

Mama yako mweleze wewe mwenyewe leo, kabla hajaambiwa tena na mtu mwingine. Itakuuma kidogo lakini utapumua.

Na kwa wote wanaosoma, mkopo wa siku saba hauwezi kuanzisha biashara. Genge lenyewe siku saba bado watu hawajakuzoea.

SWALI: Habari dada, niko Kibaha, tumevunja kikoba nimepata milioni moja na laki nne. Jirani yangu anafuga kuku wa nyama anasema kuku 200 anapata faida laki sita kila wiki tano. Banda mama ana la zamani nitalitumia. Niingie?

JIBU: Ngoja tuipige hii hesabu taratibu mdogo wangu, chukua kalamu.

Vifaranga 200, tuseme kimoja 1,800, hiyo ni 360,000. Kuku wa nyama mpaka afike wiki tano anakula kama kilo tatu za chakula, kwaiyo kuku 200 ni kilo 600, mifuko 12 ya kilo 50. Tuseme mfuko 75,000, jumla 900,000. Unaona hapo, chakula peke yake ni karibu theluthi mbili ya gharama, na ndio maana bei ya mahindi na soya ikipanda wafugaji wote wanalia. Ongeza chanjo, vitamini, maranda, mkaa wa kuwapa joto na umeme, weka 120,000. Umefika 1,380,000. Hela yako imebaki elfu 20.

Sasa tuseme wamekufa 10 tu, ambayo ni vizuri sana kwa mtu anayeanza. Unauza 190 kwa 7,500, unapata 1,425,000. Faida 45,000 kwa wiki tano za kuamka usiku. Bei ikishuka ikawa 7,000 umepata hasara ya elfu 50. Ikipanda ikafika 8,500 umepata 235,000. Hiyo laki sita ya jirani simwiti muongo, labda anachanganya chakula mwenyewe, labda ana wateja wake wa bei nzuri, labda pia hahesabu vitu vyote, muulize akuoneshe daftari.

Afu kuna kitu kinawaumiza watu kuliko hata vifo. Kuku akishafika wiki tano kama hujapata mteja anaendelea kula, na wakati huo anakula sana, kuku 190 wanaweza kula kama kilo 30 kwa siku, yani kwa bei ile ile ni 45,000. Faida yako yote imekwenda kwa siku moja ya kusubiri mteja! Kwaiyo kabla hujanunua kifaranga zunguka kwanza. Nenda kwenye mabanda ya chips, migahawa, wanaopika kwenye sherehe, uliza wananunua wapi, bei gani, wangapi kwa wiki, nani hampelekei kwa wakati. Ukipata wawili watatu wanaokuahidi kuchukua, sasa rudi nyumbani.

Anza na 50. Najua utaona ni wachache na faida haionekani, ila hapo unajifunza joto, unajifunza chanjo (mdondo siku ya 7, gamboro siku ya 14, marudio ya mdondo siku ya 21, ila fuata ratiba atakayokupa daktari wa mifugo wa kata yako), unajifunza kuuza, na ukikosea umekosea kwa kuku 50 huku milioni moja yako bado iko benki. Safisha na kupulizia dawa banda la mama kabla, hilo la zamani linaweza kuwa na magonjwa ya kuku waliokaa humo. Na ukilenga sikukuu, vifaranga weka oda mapema maana mwezi mmoja kabla ya Krismasi au Idd kila mtu anavitafuta.

SWALI: Mambo dada, niko Mwanza Buhongwa, naendesha boda kama deiwaka. Kuna bosi anataka kunipa pikipiki ya mkataba, elfu kumi kila siku kwa miezi 15 afu inakuwa yangu. Wenzangu kijiweni wanasema naibiwa.

JIBU: Elfu kumi mara siku 30 mara miezi 15 ni milioni nne na laki tano. Kama dukani pikipiki hiyo ni milioni 2.9, basi unalipa milioni moja na laki sita zaidi. Hilo ndilo wenzako wanaloliita kuibiwa. Mimi sioni hivyo moja kwa moja, maana bosi ametoa hela yake yote leo, na wewe usingeweza kuikusanya hiyo milioni 2.9 haraka huku ni deiwaka, ukilipwa leo kesho hujui utapewa pikipiki ya nani. Kinachonitia wasiwasi ni hayo ambayo hujayataja.

Ukiumwa wiki nzima, siku zile zinasogezwa mbele au unadaiwa? Bima nani analipa? Injini ikifa mwezi wa tatu? Ikiibiwa, bima ni kubwa au ndogo, na zile hela ulizolipa miezi kumi zinakwenda wapi? Kadi itabadilishwa jina lini na kwa gharama ya nani? Nimesikia vijana wengi wamemaliza hesabu yote mpaka siku ya mwisho afu bosi anazungusha kadi, mara iko kwa mke wake, mara iko benki kumbe ameiwekea mkopo. Kwaiyo kabla hujasaini uione kadi kwa macho, mkataba uandikwe, usainiwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili na mashahidi wa pande zote, na kila malipo upitishe kwenye simu ili ushahidi ubaki, sio mkono kwa mkono. Bosi mwenye nia njema hakatai hayo.

Hakikisha pia leseni yako ya udereva iko sawa na pikipiki ina leseni ya usafirishaji ya LATRA, maana siku moja kituoni inakula hesabu ya siku tatu. Na ukiweza weka elfu mbili tu kila siku pembeni. Kwa miezi 15 ni laki tisa, hiyo ni matairi, ni injini, ni chochote utakachotaka kuanzisha baada ya hapo. Helmeti vaa kaka, na abiria mvalishe.

SWALI: Sisi ni mabinti watano Morogoro, tunashona. Tunasikia mikopo ya halmashauri imerudi. Kuna kaka mmoja ametuambia tumpe laki mbili atatuunganisha na mtu wa ndani tupate haraka. Ni kweli?

JIBU: Msimpe hata mia. Ile mikopo imerudi kweli, ilisimamishwa 2023 ikaanza tena 2024 kwa utaratibu mpya. Inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, na haina riba. Haiuzwi na haina dalali. Anayetaka laki mbili leo kesho simu yake haipatikani.

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, huyo ndio mlango. Mtahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la biashara. Katiba msiikopi tu kwenye steshenari mkaisaini bila kusoma, kaeni chini mjibu maswali magumu, je mmoja akiolewa akahamia Tabora deni lake analipa nani, cherehani zinakaa kwa nani, nani anashika hela na nani anakagua. Vikundi vingi haviuliwi na soko, vinauliwa na hayo mambo, watu wanapata mkopo wanagawana kila mtu na chake wanakwenda kununulia sofa, siku ya marejesho hakuna anayepokea simu. Ninyi mnashona wote, kazi moja, hiyo ni nguvu kubwa.

Jambo jingine ambalo vikundi vingi havilifuatilii. Sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za serikali kwa makundi maalum, vijana na wanawake mmo. Kwa ushonaji maana yake ni sare, mashuka ya zahanati, mapazia ya ofisi. Huyo huyo afisa maendeleo muulizeni jinsi kikundi kinavyoingia kwenye mfumo wa NeST, ndipo tenda zinatangazwa humo siku hizi. Ila jiulizeni kama mnaweza kukaa hata miezi miwili mkisubiri malipo, maana serikali inalipa lakini sio siku hiyo hiyo.

SWALI: Dada nina digrii, nimekaa nyumbani Tanga nikiomba kazi kila mahali mwishowe nikaanza kutengeneza sabuni za maji. Zinatoka, wateja ninao, ila baba hanisemeshi. Anasema hakuuza shamba ili mimi nibebe madumu mtaani. Naumia. Na je alama ya ubora ya TBS mtu mdogo kama mimi naipataje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Baba yako ana maumivu yake, aliuza shamba, na kwenye kichwa chake malipo ya shamba lile yalikuwa ofisi yenye kiti. Usibishane nae. Mtunzie heshima yake, msalimie kila asubuhi hata asipoitikia, na ukipata faida nunua kitu cha nyumbani bila kutangaza, sukari, dawa zake za presha kama anatumia. Mtafute shangazi au mjomba anayemsikiliza akae nae. Wazee wengi hawabadiliki kwa maneno ya mtoto, wanabadilika wakisikia msikitini au kanisani mtu anasema sabuni ya binti yako ni nzuri. Kazi unayofanya ni ya halali, ni ya akili, na hujaipoteza digrii yako, ndiyo inayokufanya uandike kumbukumbu na kujibu wateja vizuri.

TBS anzia SIDO ya mkoa. Shirika hili lipo tangu 1973 na kazi yake ni watu kama wewe, wanakupa mafunzo, wanakuandikia barua ya kukutambulisha TBS, na mjasiriamali mdogo aliyepitia SIDO mwanzoni anahudumiwa bila gharama za alama ya ubora. Watakachotazama ni unatengenezea wapi, vipimo vyako ni vile vile kila mara au unakadiria kwa jicho, na lebo. Kwaiyo nunua mzani, andika kipimo cha kila malighafi, weka tarehe na namba kwenye kila awamu unayotengeneza. Vaa glovu na ufungue madirisha, zile kemikali zinachoma. Na uache chupa za maji zilizotumika, sabuni iliyo kwenye chupa ya maji mtoto atainywa.

SWALI: Mimi msusi Dodoma, nasukia nyumbani na kufuata wateja makwao. Nikienda TRA si ndio nimejipeleka mwenyewe?

JIBU: TIN, yani namba ya mlipakodi, ni bure na kwa mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hakuna kodi ya mapato. Ila milioni 4 ukiigawa ni kama elfu 11 kwa siku, na msusi mzuri wa rasta anaipita, kwaiyo anza kuandika mauzo yako sasa hivi ili wakikufanyia makadirio uwe na daftari la kuwaonesha, wasikadirie kwa macho tu. Jina la biashara ukilitaka ni BRELA, unajisajili mwenyewe mtandaoni, gharama yake ni kama elfu 20. Leseni ya biashara ni halmashauri. Nenda na kitambulisho chako cha NIDA, na nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu.